Paroko Aliyesalimia Kuta

Paroko wetu alikuwa akisalimia ukuta kwanza, watu baadaye. Akifika kwa mtu, kabla hata ya kupiga hodi sawasawa, mkono wake wa kulia ulishakuwa juu ya tofali karibu na mlango, unapapasa, unabonyeza, kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Ndipo aseme, "Tumsifu Yesu Kristo," nasi tuliokwisha kusimama na viti mikononi tuitikie, "Milele amina." Mama wa mume wangu, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi na alikuwa anaionea haya, alimwambia siku moja, "Baba Paroko, huo ukuta hauna homa." Paroko alicheka mpaka akakohoa. Lakini mkono hakuutoa.

Nilimjua kwa miaka kumi na minne, miaka yote niliyokuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya parokia yetu, mbali na kazi yangu ya ualimu, huku juu ambako barabara ya kutoka Mbinga inaanza kufikiria kuteremka ziwani. Habari za ukoo wake sizijui vizuri na sikuwahi kuuliza. Kwetu alianza kuwepo siku aliposhuka kwenye gari la jimbo na begi moja la nguo na mabegi mawili ya picha.

Picha zenyewe zilikuwa za Ufaransa. Alikuwa ametumwa huko akakaa miaka saba, kwa sababu kule vijijini mapadri wamekwisha. Hilo peke yake lilitushinda. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba Wazungu ndio waliotuletea dini, na sasa mtu wa Ruvuma anapelekwa kuwasomea misa! Alipewa makanisa ishirini na matatu, yeye mmoja. Yalikuwa makanisa madogo ya mawe katikati ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, yaliyojengwa miaka mia nane au mia tisa iliyopita, na ndani ya kila moja, Jumapili zamu yake ikifika, wazee watano na baridi. "Funguo zake zilikuwa kilo nzima," alituambia. "Nilikuwa natembea nalia ngwalangwala kama askari jela."

Katika kijiji kimojawapo kulikuwa na bibi wa zaidi ya miaka themanini aliyetunza ufunguo wa kanisa kwenye mfuko wa aproni yake. Bibi huyo aliona jinsi padri wake mgeni alivyokuwa akimaliza misa na kukimbilia gari ili awashe joto. Siku moja akamzuia mlangoni, akamshika kidevu kama mtoto, akamwinua uso.

"Angalia juu," akamwambia.

Akaangalia. Juu ya kila nguzo, pale inapopokea dari, palikuwa na watu. Walikuwa wamechongwa kwenye jiwe lenyewe: mwanamume anayejivuta mdomo kwa vidole viwili, punda anayepiga kinubi, ndege wawili wanaokunywa kikombe kimoja, simba mwenye kichwa kimoja na miili miwili. Kisha bibi akamtoa nje, akamwonyesha chini ya ukingo wa paa safu ya vichwa vilivyotokeza ukutani, kila kimoja na shida yake: huyu jino linamuuma, yule amelewa na amelikumbatia pipa lake, mwingine anatoa ulimi kwa kila apitaye. Aliyevichonga hajulikani. Hakuandika jina popote.

"Miezi sita nilikuwa nasali chini ya watu hao bila kuwasalimia," Paroko alikuwa akisema, na kila aliposema alionekana kuona aibu upya.

Nadhani mawe yale ndiyo yaliyomwokoa. Hakusema hivyo waziwazi, ila aliniambia safari moja kwamba katika majira ya baridi ziliweza kupita siku nne asizungumze na mtu yeyote. "Basi nikawa naongea na yule mwenye jino. Namuuliza, leo vipi? Ananiangalia hivyohivyo." Akashika shavu lake akakunja uso, na nikamwona kabisa yule mtu wa jiwe.

Picha aliziprinti kubwa, akawa anazitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba pembeni mwa altare, akitumia moja kila mahubiri. Watu waliokuwa wakisinzia waliacha kusinzia. Siku ya picha ya mizani ndiyo iliyomfanya awe wetu kabisa. Ilikuwa picha ya malaika anayepima roho za wafu, na pembeni yake kiumbe chenye masikio makubwa na mbavu za njaa.

"Huyu wa pembeni ni nani?" akauliza.

"Shetani!" wakajibu watoto.

"Anafanya nini?"

Tukakaza macho. Kidole kimoja cha shetani kilikuwa kimebonyeza sahani ya mizani, kidogo tu, kana kwamba kimepita hapo kwa bahati mbaya. Halafu sauti ya mkulima mmoja ikatoka mabenchi ya nyuma: "Huyo namjua! Ndiye anayetupimia kahawa!"

Kanisa lilivunjika kwa vicheko. Paroko aliegemea altare, mabega yanamtetemeka, akafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Alipopata sauti akasema, "Mnaona? Aliyechonga jiwe hili alikuwa mkulima mwenzenu."

Maneno aliyoyarudia zaidi ya yote hayakuwa ya Biblia. Yalikuwa haya: "Ngoja kwanza, tuangalie." Angeweza kusimamisha gari katikati ya mteremko wa Kingerikiti, lori likipiga honi nyuma yake, kwa sababu ameona namna mtu alivyopanga mawe ya msingi wa banda la nguruwe. Jipsamu ya kupambia dari aliiita unga. Tailizi za bafuni zinazobandikwa siku hizi kwenye kuta za mbele za makanisa hakuzipa jina, alifumba macho tu. Alipokuta beseni la maji ya baraka la jiwe, walilotuachia wazee, limepakwa rangi ya mafuta ya samawati, hakumuuliza mtu. Alivua kanzu, akaomba kisu jikoni, akakaa chini akakwangua mchana kutwa, na chakula tulichompelekea kikapoa pembeni yake.

Alikuwa na mambo yasiyokwenda pamoja. Alisifu uvumilivu wa waliojenga kanisa moja kwa miaka arobaini, na ibada ikichelewa dakika kumi alikuwa anatembea sakristia kama amefungiwa. Alipenda sura za mawe zinazomcheka kila mtu, lakini kwaya ilipomtania kwenye sikukuu ya somo wake, alikaa na kinyongo mpaka Jumanne. Na sheria za Kanisa alizishika kwa ugumu uliotushangaza wengi. Mtu akikosa mafundisho, mtoto habatizwi. Ndoa ikiwa na kasoro, komunyo hakuna. Hapo hakuwa mtu wa kungoja wala kuangalia.

Ndivyo alivyomnyima komunyo Mama Skolastika, mwaka uleule alipofika. Mama huyu alikuwa akiishi na mwanamume aliyeachwa na mke wake wa ndoa. Mke alihamia mbali na hakurudi, lakini alikuwa hai, na ndoa ya kanisani haifi mpaka mtu afe. Mama Skolastika alikuwa amemlea mwanamume huyo na watoto aliowakuta. Kila Jumapili alikuja, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wenzake wakipanga foleni kupokea yeye alibaki ameketi. Kazi yake ilikuwa kupasua kokoto kando ya barabara, na mikono yake ilikuwa na ngozi kama gome.

Hapo ndipo Paroko alipomkuta upya. Tulikuwa tunatoka Mapera kwenye mkutano, mimi nikiwa kiti cha mbele na makabrasha yangu, akasimamisha gari kwa ghafla.

"Ngoja kwanza, Mwalimu, tuangalie."

Juu ya fungu la kokoto palikuwa na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, na lilikuwa kichwa kweli. Lilikuwa na macho yaliyofumbwa, pua pana, na mdomo wa mtu aliye katikati ya kupiga chafya. Mama Skolastika alisimama haraka akajaribu kulifunika kwa kanga.

"Shikamoo, Padri. Hilo ni la upuuzi tu. Nikichoka kupasua, mkono unacheza."

"Umejifunza wapi?"

"Kujifunza nini? Chafya?"

Paroko alipiga magoti kwenye vumbi, yeye na suruali yake safi ya mkutano, akalishika jiwe lile kwa mikono miwili. Alilizungusha na kulizungusha hata mimi nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kisha akamuuliza yule mama kama angeweza kuchonga jiwe kubwa zaidi, la mlango. Wakati huo tulikuwa tunajenga kanisa jipya la tofali za kuchoma, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

Mawe yalitoka Ngaka, kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Kabla hawajayafikia makaa, wachimbaji hutupa pembeni mawe ya mchanga, ya rangi kama ugali wa muhogo ulioungua kidogo, laini kwa tindo. Dereva mmoja wa lori la makaa, Mwislamu wa Mbinga mjini, alituletea safari baada ya safari akiteremka ziwani. Alisema anataka kuona na yeye hiyo chafya.

Kazi ngumu ilikuwa kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Odilo, alikuwa mtu mwaminifu, mwenye kahawa safi na shati lililofungwa vifungo vyote. Alisimama kwenye mkutano.

"Baba Paroko, mimi siongei kwa ubaya. Huyu mama hapokei. Wewe mwenyewe ndiye uliyemzuia. Mkono usiopokea mwili wa Bwana utachonga vipi mlango wa nyumba yake?"

Wote tulimwangalia Paroko. Alikuwa ameshikwa, na alijua.

"Kule Ufaransa," akaanza.

"Hapa si Ufaransa, Baba."

"Kule Ufaransa hakuna anayejua kama wale waliochonga walikuwa wanapokea au hawapokei. Yamebaki mawe tu, na watu bado wanasali chini yake." Akamgeukia mwenyekiti. "Sheria sikuiandika mimi, Mzee Odilo. Lakini mkono wake nao sikuuumba mimi. Naomba mniachie."

Tulimwachia, si kwa sababu alitushawishi, bali kwa sababu hatukuwahi kumsikia akisema naomba.

Mama Skolastika alichonga mwaka mmoja na nusu, chini ya turubai, kwa tindo alizofuliwa na mhunzi kutoka springi za lori. Mlango ulizungukwa na mawe kumi na moja. Alichonga tawi la kahawa lenye punje, samaki aina ya mbasa akiruka, mama mwenye mtoto mgongoni na jembe begani, kuku na vifaranga. Jiwe moja lilijaa mashimo ya ngolo, yale tunayochimba kwenye miteremko yetu ili yashike maji ya shamba, mraba kwa mraba. Hilo ndilo Paroko alilolipenda kuliko yote. Chini ya paa aliweka vichwa vitano. Paroko alipita kila siku baada ya misa, akasimama nyuma yake, na walikuwa wakibishana. "Hiyo pua ndefu." "Umeiona wapi pua yake, Padri? Mimi ndiye ninayemjua." Alikuwa anarudi nyumbani amefurahi kwa kushindwa.

Kichwa cha tatu kilikuwa na mashavu yaliyojaa, midomo iliyobanwa, na kola iliyofungwa mpaka juu. Kilipopandishwa, mafundi wa kupaua waliteremka kwenye ngazi ili wacheke vizuri. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba Mzee Odilo yuko chini ya paa la kanisa.

Wiki moja kabla askofu hajaja kubariki kanisa, Mzee Odilo na wajumbe wawili walikwenda kwa Paroko. Mimi nilikuwepo, na kalamu yangu.

"Wajukuu wangu wananiita jiwe," alisema mzee. Alikuwa ameshika kifungo cha juu cha shati lake, na sikuweza kumcheka tena. "Nimebeba tofali za kanisa hili kwa kichwa hiki hiki. Askofu anakuja kuniona nikiwa kichekesho?"

Paroko alitoka nje, akaangalia juu kwa muda, akarudi. Nilidhani atasema habari za yule mlevi na pipa lake. Lakini alikuwa amechoka, sukari ilishaanza kumsumbua, na nadhani alimwogopa askofu kuliko alivyotaka tujue.

"Litolewe," akasema.

Nikaandika.

Asubuhi yake Mama Skolastika alikuja na ngazi yake mwenyewe. Mafundi walitaka kumsaidia akawakataa. "Nililipandisha mimi." Alilitoa polepole, akalifunga kwenye kanga, akalibeba kichwani akaenda nalo. Paroko hakutoka nyumbani. Niliona pazia la dirisha lake likisogea, likarudi.

Siku ya baraka, askofu alizunguka kanisa lote akiwa ameinua uso, na tabasamu likizidi. Akafika kwenye lile pengo.

"Hapa pamekuwaje?"

Paroko alikuwa anaangalia viatu vyake. Ndipo Mzee Odilo akasogea mbele, shati limefungwa mpaka shingoni, akasema, "Palikuwa na sura yangu, Baba Askofu. Nilikataa."

Askofu alimwangalia, akaangalia vichwa vilivyobaki, akamwangalia tena. "Pole, mzee," akasema. "Ungekaa hapo miaka mia nane."

Mzee Odilo hakulala vizuri tangu siku hiyo, mkewe alinisimulia. Baada ya wiki mbili alikwenda mwenyewe kando ya barabara, akamkuta Mama Skolastika ameketi kwenye kokoto zake. Akamwomba amrudishie sura yake.

"Nililipasua, mzee wangu," akamjibu, bila ukali. "Limo kwenye zege la sakafu lililomwagwa kabla ya baraka. Karibu na altare kabisa."

Jumapili iliyofuata Paroko hakutundika picha. Alisema, mbele yetu wote, kwamba amewafundisha watu kwa miaka mingi kuyaheshimu mawe ya wafu wasiojulikana, na jiwe moja la mtu aliye hai, anayemjua kwa jina, ameliangusha kwa woga. Akashuka madhabahuni, akatembea mpaka benchi la mwisho, akasimama mbele ya Mama Skolastika. "Nisamehe, mama." Yule mama alitazama chini, akasema, "Nimesikia, Padri." Hakusema amesamehe. Pengo lile alilijaza baadaye kwa jiwe tupu, lisilochongwa, na Paroko alikataza mtu asimwombe kitu kingine pale.

Mwaka jana nilikwenda Mbamba Bay kwa semina ya walimu, na mchana mmoja nikachukua bodaboda mpaka nyumba wanayokaa mapadri wastaafu, hapo ufukweni. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha kamba, mguu mmoja umefungwa bendeji, akiwa amegeuza uso upande wa ziwa. Chini yake wanawake walikuwa wanaanika dagaa juu ya vichanja, wakiongea Kinyasa na kucheka.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba. Mwalimu!" Alinijua kwa sauti. Macho yalikuwa yamebaki na kivuli tu. "Kaa. Wale wanacheka nini? Lugha yao naipata nusu, na siku zote inanipita ile nusu ya kucheka."

Tukaongea habari za mvua na za bei mbaya ya kahawa. Kisha nikampa ujumbe nilioagizwa. Yule mke wa kwanza alikuwa amefariki huko aliko, tumepata uthibitisho. Mama Skolastika na mzee wake wanataka kufunga ndoa kanisani baada ya Pasaka, na mama anasema anamtaka yeye ndiye aifunge.

Akageuza uso tena upande wa ziwa.

"Kuna paroko mpya pale," akasema. "Kijana mzuri."

"Yupo. Amekubali."

"Mimi ndiye niliyemnyima miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana anakutaka wewe, Padri. Amesema hivyo hivyo. Amesema, aliyefunga mlango aje aufungue kwa mkono wake."

Aliweka kiganja juu ya macho yake. Alipokitoa kiganja, uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

"Siwezi kusoma kitabu, Mwalimu."

"Utasema kwa kichwa."

"Nimeshasahau kusema bila kitabu. Ngoja." Akajivuta kwenye kiti, akakaa wima kama yuko altareni. "Nisaidie. Wewe uwe Mama Skolastika."

"Hapa?"

"Basi wapi? Toa mkono."

Nikampa mkono wangu. Akaanza kwa sauti ileile ya zamani, kubwa kuliko kifua chake: Je, mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila kulazimishwa na mtu? Nikajibu ndiyo, Padri. Akaendelea vizuri kwa sentensi mbili, akafika kwenye magonjwa na afya, akakwama. Midomo ilikuwa inakwenda bila neno. Nami niliyeolewa miaka ishirini na sita sikukumbuka kinachofuata.

Kutoka kwenye vichanja, mmoja wa wale wanawake, Mwanglikana wa makamo aliyejifunga kitenge kifuani, alipaza sauti bila kuacha kugeuza dagaa: "Nikupende na kukuheshimu, Padri! Siku zote za maisha yangu!"

"Kwenu nanyi mnasema hivyo?" akauliza Paroko.

"Yanafanana! Kwani unamwoa nani?"

Wenzake wakaangua kicheko, na safari hii aliipata nusu yote. Alicheka mpaka kiti kikalia. Halafu akakohoa, akaushika tena mkono wangu, kwa nguvu ambayo sikutegemea kwa mtu mgonjwa.

"Tuanze tena mwanzo," akasema. "Siku yenyewe sitaki nikosee hata neno moja."

Tukaanza tena, na yule mama akaacha dagaa zake akaja kusimama chini ya baraza, apate kumsahihisha vizuri.